Dawa ya Kuvuta Wanaume

Ernestina hakuwa mtu wa kusikiliza ya watu. Ndivyo alivyojisemea, huku ameinama juu ya karai la nguo na sikio lote limeelekea upande wa pili wa mawe, ambako Fahima na Mariyamu walikuwa wakifua na kucheka. Asubuhi ile ziwa lilikuwa limetulia, sauti zinapita juu ya maji bila kizuizi, kwa hiyo hata asiyetaka kusikia angesikia. Yeye, tusimsingizie, alitaka sana.

"Wewe unaficha," Mariyamu alikuwa akisema. "Ile vitu unatundika kule shambani ni nini? Kijiji cha Gatete muzima wanauliza."

"Iko dawa, dada."

"Dawa ya nini?"

"Ya kuvuta wanaume."

Mariyamu alicheka hadi akakohoa. "Mungu wangu! Fahima!"

"Wallahi vile. Unatundika tu, iko natoa harufu ya mwanamuke. Wao wakisikia ile harufu, akili yote inaisha. Wanakuja wote, hata wale wa kwa jirani. Njoo asubuhi mapema mbele ya jua kutoka, utawakuta wamejaa."

"Na wakishafika?"

"Wakishafika wamekwisha. Kwa wanawake wao hawarudi tena."

Mikono ya Ernestina ilisimama ndani ya povu. Jirani! Fahima ana majirani gani? Upande mmoja wa shamba lake kuna michikichi ya tajiri wa Bujumbura ambaye hata sura yake haijulikani, upande mwingine ni barabara, chini ni ziwa. Jirani anayebaki ni mmoja, ametenganishwa naye kwa mfereji wa maji tu. Jina lake Barnaba, na shati lake ndilo hilo Ernestina alilokuwa amelishika.

Hapa lazima nisimame kidogo, maana nisipolieleza jambo hili mtamwona Ernestina mjinga, na mjinga hakuwa. Kiswahili cha Rumonge hakijisumbui na dume na jike. Jogoo ni kuku mwanaume, beberu ni mbuzi mwanaume, na kipepeo naye akiwa dume ni mwanaume tu, maisha yanaendelea. Ernestina alizaliwa uhamishoni Tanzania, akasomea kambini Mtabila kwa mwalimu aliyekuwa akichapa mtoto anayekosea ngeli. Kwake yeye mwanaume ni mtu, anavaa suruali. Fahima alikuwa anazungumzia nondo, vile vipepeo vidogo vya kijivu vinavyotaga kwenye majani ya nyanya, halafu viwavi vyao vinachimba jani na tunda mpaka shamba linakauka lote. Asosiyasiyo, yaani chama cha wakulima, ilikuwa imempa vipira vidogo, wenyewe wanaviita kapsili, vyenye harufu ya nondo jike. Unatundika kapsili juu ya beseni la maji ya sabuni, madume wanakuja kutafuta mke, wanazama, na majike wanabaki bila wa kurutubisha mayai yao. Hakuna sumu, hakuna kubeba bomba mgongoni. Ndiyo habari yote. Ernestina alipata nusu yake tu, na hiyo nusu ilimtosha.

Alisuuza lile shati kwa hasira mpaka kifungo kikang'oka.

*

Ushahidi nao haukukosekana. Mtu mwenye wivu hakosi ushahidi, lakini wa Ernestina ulikuwa wa kushikika kwa mkono. Barnaba alikuwa anatoka nyumbani kabla ya jua, bila jembe. Alikuwa anarudi suruali imelowa hadi magotini, na ananukia sabuni. Mkulima gani anatoka shambani ananukia sabuni? Tena ile sabuni ya mawese aliyoinunua Ernestina mwenyewe sokoni ilikuwa inapungua kila siku, na nyumbani hakuna aliyeoga zaidi ya kawaida.

"Baba Bora," alimwita mumewe siku hiyo, wanakula muhogo na ndagala, wale dagaa wa ziwani.

"Naam."

"Sabuni inakwenda wapi?"

Barnaba aliacha kutafuna. "Sabuni gani?"

"Ya mche. Juzi ilikuwa nzima, leo imebaki kisigino."

"Nimenawia."

"Umenawa nini, wewe? Umenawisha kiboko wa ziwani?"

Zamani hapo Barnaba angecheka. Siku hizi hakucheka. Alitazama sahani yake, akachambua ndagala mmoja mmoja kama mgonjwa.

"Unakwenda kwa Fahima?" Ernestina akauliza. Alitaka sauti itoke nyepesi, ya mzaha, ikatoka kavu.

"Nani kakwambia?"

Ona sasa. Mtu asiye na lake angesema siendi, au angesema naenda, kuna nini? Nani kakwambia ni jibu la mtu aliyeshikwa.

"Naangalia maji ya mfereji," Barnaba akaongeza haraka. "Yanapotelea upande ule."

Ernestina alikusanya vyombo, akaenda nyuma ya nyumba, akasimama peke yake na wivu wake. Aliitazama mikono yake iliyopasuka kwa kupalilia, akaifikiria ya Fahima yenye hina. Fahima aliachika miaka mingi, hana mtoto wa kumpikia uji alfajiri, ametoka mjini Rumonge mtaa wa Waswahili ambako wanawake wanajua kufunga kitenge hata cha kuendea shambani kikakaa. Na kicheko chake! Kicheko cha Fahima kinafika barabarani, madereva wa malori wanageuza shingo. Ernestina naye alikuwa na kicheko, lakini chake kilikuwa na meno. Watu walikuwa wanakiogopa, yeye akidhani wanakipenda.

Msimu uliopita, kwa mfano. Barnaba alikuwa amepiga dawa ya dukani, akaizidisha kwa hofu ya wadudu, mpaka nyanya zikawa na madoa meupe. Mama mmoja mnunuzi alikuja kutoka Bujumbura, akafuta nyanya moja kwa kidole, akakinusa kile kidole, akasema siku hizi wateja wake wanauliza, hawataki sumu, wana watoto. Akapanda gari bila kununua hata kisanduku kimoja. Wanaume wote wa Gatete walikuwa wamesimama pale kando ya barabara. Ernestina akasema kwa sauti, "Jamani msimlaumu, mume wangu amezipaka poda, alidhani zinakwenda harusini!" Kando ya barabara palilipuka kicheko. Kwa miezi kadhaa Barnaba alikuwa anaitwa Poda, hata na watoto. Ernestina aliona ni utani mzuri na bado aliuona mzuri.

*

Ijumaa, Fahima alipokwenda msikitini, Ernestina alivuka mfereji.

Nyanya za Fahima zilikuwa nzuri, na hilo nalo lilimuudhi: majani mabichi, matunda yamebana kwenye shina. Katikati ya matuta kulikuwa na mabeseni yenye maji meupe ya sabuni, na ndani ya maji vidudu vya kijivu vimekufa tele, safu nzima. Juu ya kila beseni, kwenye waya, kilining'inia kipira kidogo kama kifuniko cha chupa ya sindano. Pembeni ya beseni la kwanza alikiona kipande cha sabuni ya mawese. Alikitambua. Kilikuwa na alama ya kisu chake, kile chenye pengo.

"Bwana Yesu," alisema Ernestina, na hakuwa anaomba.

Alichomoa kipira cha kwanza, akakinusa. Hakina harufu. Akakinusa tena, akafumba macho, hakuna kitu. Hilo ndilo lililomtia hofu kabisa, maana harufu ambayo mwanamke haisikii na mwanaume anaisikia haiwezi kuwa ya sokoni. Akavichomoa vyote. Alikuja na nia ya kuvitupa ziwani, hiyo ndiyo nia aliyotoka nayo nyumbani, na mtu wa kanisa alitakiwa aishie hapo.

Lakini alipofika ukingoni mwa mfereji mkono ulikataa kufunguka. Kama kweli inavuta, aliwaza, kwa nini ivute kwa Fahima tu? Mume ni wa nani? Harufu ni harufu, na aliye na haki ya kunukia ni mwenye ndoa. Akavifunga vile vipira katika kitambaa, akavitia kibindoni, ndani kabisa, chini ya kitenge cha ndani, akarudi nyumbani anatembea kwa maringo kidogo.

*

Na dawa ikafanya kazi! Nawaambieni, ilifanya kazi kuliko alivyotumaini. Siku chache tu baadaye Barnaba aliacha kutoka alfajiri. Alikaa nyumbani. Alikaa barazani mikono magotini, anatazama mbele, na Ernestina akitoka jikoni anamkuta palepale, akirudi anamkuta palepale.

Alimpikia wali. Alimpikia mukeke wa kuchoma na kachumbari, samaki ambaye kwa kawaida wanamwona kwenye sahani za wengine. Akasuka nywele. Barnaba alikula, akasema "Asante, mama Bora", akarudi barazani. Hakuwa anaongea, lakini alikuwepo, na Ernestina alihesabu kuwepo kuwa ushindi. Kila alfajiri akiwasha moto aliona vipepeo vidogo vya kijivu vinamzunguka kiunoni. Alivipiga kwa kanga, akalaumu kuni.

"Mbona huendi tena kutazama maji?" alimuuliza, roho imejaa asali.

"Hakuna kitu cha kutazama tena," Barnaba akasema. "Ilikuwa inaenda vizuri, sasa imekufa. Sijui kwa nini."

Alilisema kwa huzuni ya kweli, na ile huzuni ikamchoma Ernestina, lakini si sana. Mapenzi yakifa lazima yawekewe matanga, aliwaza. Atalia wiki hii, wiki ijayo atasahau.

Ng'ambo ya mfereji Fahima alikuwa hacheki tena. Alionekana ameinama kwenye matuta tangu asubuhi hadi jioni, anachuma majani yaliyotobolewa na kuyatia kwenye gunia. Yalikuwa mengi. Mara moja waliinua macho wakaonana.

"Amahoro, mama Bora," Fahima akamsalimia kwa Kirundi. "Kwako viwavi havijaingia?"

"Kwangu tuko salama," Ernestina akajibu. Hakuwa amekagua.

*

Jumatatu moja, wiki mbili zimepita, wanachama wote wa asosiyasiyo waliitwa shambani kwa Fahima, wafike kabla ya jua. Barnaba alivaa shati safi. Ernestina, kwa kuwa hakumwamini Fahima hata akiwa katikati ya umati, akamfuata.

Dismasi, moniteri wa asosiyasiyo, yule anayewafundisha na kuwasimamia wakulima, alikuwa amesimama kati ya matuta, kofia ya pikipiki mkononi. Hakuwa mtu wa kelele. Siku hiyo alikuwa nazo.

"Kapsili iko wapi, Fahima?"

"Zimepotea."

"Zote? Kapsili iko na miguu?"

"Nilirudi musikitini nikakuta waya tupu. Naapa kwa Mungu."

"Na hukusema?"

"Niliogopa. Nilisema labda ndege, labda watoto. Nikasema nitatoa majani kwa mukono, nitaokoa."

Watu walinong'ona. Mmoja nyuma akasema wazi kwamba kule Nyanza-Lac vipira hivyo vinatafutwa sana siku hizi, kila mtu anataka kulima bila sumu, na mtu akiwa navyo hakosi wa kumuuzia. Minong'ono ikapanda.

"Sikuuza," Fahima akasema. Alikuwa amekumbatia mikono. "Dismasi, unanijua. Sikuuza."

"Mimi nakujua," Dismasi akasema, "lakini mama wa Bujumbura hakujui. Anakuja juma hili na gari. Nilimupa neno langu: nyanya safi, haina sumu, haina kiwavi. Sasa tazama." Akachuma nyanya, akaipasua kwa kidole gumba. Ndani kulikuwa na njia nyeusi na kiwavi kinajikunja. "Kama mutu anauza vitu vya wote, anatoka asosiyasiyo. Sheria iko hivyo, hata mutu akiwa dada yangu."

Kulikuwa na wageni wawili wa kutoka Gitaza ambao hawakuwahi kuona mambo haya, na kwa ajili yao Dismasi akaanza kueleza toka mwanzo. Akaeleza nondo. Akaonyesha picha kwenye simu yake, kipepeo kidogo cha kijivu. Akasema, "Hii kapsili iko na harufu ya ule mwanamuke wa nondo. Wanaume wa nondo wanaifuata, wanaingia kwa maji ya sabuni. Barnaba hapa ndiye alikuwa anamusaidia Fahima kubadilisha maji kila asubuhi, hata sabuni analeta yake. Alitaka kujua kazi yote mbele ya kuweka kwake."

Ernestina alisikia kila neno. Wanaume wa nondo! Nondo! Alitaka kucheka, alitaka kulia, na zaidi ya yote alitaka kuwa nyumbani kwake na mlango umefungwa. Vile vipira vilikuwa kiunoni, vimeshikana na jasho lake. Angeweza kusema. Palikuwa na nafasi, Dismasi alikuwa amenyamaza akikohoa, Fahima akifuta macho kwa ncha ya mtandio. Ernestina akafungua mdomo. Akawaona watu wote wale, wake kwa waume, akajua watakavyocheka, akaufunga. Nitavitupa njiani, aliwaza. Nitavirudisha kesho, nitasema nimeviokota. Akarudi nyuma hatua moja, taratibu.

Kipepeo cha kwanza kikatua kiunoni mwake.

Akakipangusa. Kikaja kingine. Mbingu ilikuwa inaanza kuwa nyeupe upande wa milima, upepo hakuna, na ile ndiyo saa yao. Vilitoka kwenye majani ya Fahima, vikatoka kwenye majani ya Barnaba ng'ambo ya mfereji, vinayumbayumba hewani kama majivu, na vyote vilikuwa na safari moja. Vikatua kwenye kitenge. Vikatembea juu yake, vikitetemesha mabawa, vikitafuta pa kuingilia. Alipiga kwa mkono wa kulia, vikaja kushoto. Kule Tanzania wakulima wanamwita mdudu huyu kanitangaze, na asubuhi ile alimtangaza Ernestina mbele ya Gatete nzima.

Minong'ono ilikatika. Mtu mmoja akasogea pembeni, na mwingine, hadi akabaki amesimama peke yake.

"Mama Bora," Dismasi akasema polepole. "Uko na nini hapo?"

"Sina kitu."

Barnaba alikuwa amegeuka. Aliwatazama wale wadudu, akamtazama mkewe usoni, na Ernestina akaona jinsi anavyoelewa, kidogo kidogo, mpaka mwisho.

"Toa," Barnaba akasema.

Vilikuwa chini ya kitenge cha ndani. Angevitoaje mbele za watu? Alishika fundo, vidole vikakataa, machozi yakaanza kumtoka. Hapo Fahima akavua mtandio wake wa juu, akaja akaunyosha mbele yake kwa mikono miwili, akamkinga na macho ya watu. Alikuwa amegeuza uso pembeni, na Ernestina, akihangaika na fundo nyuma ya nguo ya mwanamke ambaye yeye ndiye alimwibia, aliona bora angepigwa.

Alivitoa, akavitia mkononi mwa Dismasi. Nondo wakahamia kwenye mkono wa Dismasi.

"Kwa nini?" Dismasi akauliza. "Ulitaka kuuza?"

"Siyo kuuza." Sauti haikutoka, akairudia. "Nilisikia inavuta wanaume."

Kisha Mariyamu, aliyekuwa pale tangu mwanzo, akashika mdomo. "Ile siku ya kufua!" akapiga kelele. "Mungu wangu, alikuwa nyuma ya mawe! Alisikia! Alifikiri wanaume... wanaume wa watu!"

Basi tena. Walicheka mpaka wengine wakakaa chini kwenye matuta. Dismasi alicheka, wageni wa Gitaza walicheka, mzee mmoja akaomba auziwe kapsili moja ampelekee mkewe. Hata Fahima, na uso wake umelowa, alishindwa, kile kicheko chake kikatoka kikafika barabarani. Ernestina alisimama katikati akihisi kila kicheko ngozini. Alimtafuta Barnaba kwa macho.

Barnaba hakucheka. Alingoja kelele ziishe, akasema, "Fahima hakuuza kitu. Andikeni hivyo. Na visanduku ambavyo hatafikisha kwa mama wa Bujumbura, vitajazwa na nyanya zangu, msimu huu sijazipiga dawa. Tutachagua zile safi zote, ziende kwake kwanza."

"Zako zote nzuri?" Dismasi akauliza. "Wewe utauza nini?"

"Zitakazobaki."

Nyanya zilizobaki ni za kuliwa na kuku, na kila mtu alijua. Ernestina alitaka kupinga, akakumbuka hana mdomo wa kupingia.

*

Walirudi nyumbani mmoja mbele mmoja nyuma. Barnaba alikaa barazani. Ernestina alisimama mlangoni, akaona heri yaishe.

"Nitukane basi."

"Sina tusi."

"Ungeniambia tu! Neno moja. Naenda kwa Fahima, najifunza kutega wadudu. Ungekuwa umekufa?"

"Ungecheka."

"Nisingecheka."

Barnaba alimtazama tu, na hakuhitaji kulitaja lile jina la Poda.

"Sikujua chochote kuhusu mabeseni yale," akasema. "Karatasi yake ni ya Kifaransa. Mimi Kifaransa nilisomea wapi? Fahima alinisomea. Nikauliza tena, akarudia. Niliuliza maswali ya kijinga, mama Bora, ya kitoto kabisa, na yeye akajibu. Nikasema nitajifunza kwanza yote, nikijua ndiyo nije kwako, ili usipate pa kunishika."

Akainuka akaenda kumfungua mbuzi.

Ernestina alibaki mlangoni. Alidhani wivu umekwisha asubuhi ile, umezama na nondo wale. Kumbe ndio kwanza ulikuwa unaanza, na huu haukuwa na hina wala kitenge. Mumewe alikuwa amepata mahali pa kusema sijui, na mahali hapo hapakuwa kwake. Angekuwa analala huko, aliwaza, ningejua pa kugombania. Hili nitagombana na nani? Akakaa chini pale pale kizingitini akalia, bila sauti, kwa muda mrefu.

*

Nyanya zilikwenda. Ernestina alizichambua mwenyewe, akazifuta moja moja, akazibeba kichwani hadi kwa Fahima, na Mariyamu akampisha njiani akiigiza kuomba amnuse. Alivumilia. Fahima alimpokea visanduku, akasema murakoze, asante, akamkaribisha chai, naye akasema ana haraka. Hakuwa na haraka yoyote.

Asosiyasiyo ilipopata kapsili nyingine, Barnaba naye alipewa zake. Siku ya kuzitundika waliamka pamoja. Walipanga mabeseni, wakajaza maji. Barnaba akafungua pakiti, akatoa karatasi, akaishika mbali na macho, akaishika karibu. Ernestina alikuwa anachanganya sabuni.

"Hapa wamechora kitu kuhusu urefu," Barnaba akasema. "Kutoka kwenye maji mpaka kwenye kapsili." Akasita. Alimtazama mkewe mdomoni, wala si machoni. "Sijui wanasemaje."

Neno likamjia Ernestina hapo hapo. Lilikuwa neno zuri, la kuangusha watu, lilikwisha fika kwenye ulimi lenyewe bila kuitwa. Akalimeza. Lilishuka vibaya.

"Mimi pia sijui," akasema. "Nenda ukaulize."

"Nikamuulize nani?"

"Unamjua wa kumuuliza."

Barnaba alingoja kidogo, kama anayesikiliza kama kuna kingine kinakuja. Hakikuja. Akavuka mfereji na karatasi yake. Ernestina aliinamia beseni, akawasikia wanaongea kule, sauti ya chini ya mumewe inauliza, ya Fahima inajibu. Halafu Fahima akacheka kitu, na Barnaba naye akacheka, kicheko kirefu, cha tumboni, ambacho nyumbani kwake hakijasikika tangu msimu ule wa Poda. Kilimchoma. Alitamani kusimama aone wamesimama karibu kiasi gani. Mikono yake ikakoroga, ikakoroga, mpaka povu likamwagika nje ya beseni.

"Baba Bora!" akaita hatimaye, bila kuinua kichwa. "Muulize na la kwangu! Mvua ikinyesha, beseni likijaa, tunafanyaje?"

Ng'ambo kicheko kikakatika.

"Vuka wewe mwenyewe, mama Bora," sauti ya Fahima ikajibu. "Mutu anauliza akiwa mbali hivyo, atasikia nusu."

Ernestina alijifuta mikono kwenye kitenge, moyo bado unamuuma, akakipandisha magotini, akavuka.